Chumba kimoja cha kulala, Mkomani: ghorofa ya juu ya nyumba ya warathi

Anayetafuta nyumba ya kupanga Lamu mjini ataonyeshwa kwanza vile vyumba vipya vya huko nyuma ya mji: tofali za simiti, bati juu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, kodi nafuu na joto la bure. Navijua. Kwetu Malindi nilikaa ndani ya kimoja mpaka nikachoka kulala na taulo la maji kifuani. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe iko wazi Mkomani, karibu na ngome, chumba kimoja cha kulala na sebule na jiko la darini, sikungoja kuambiwa mara mbili. Kaskazi imenikuta humo, na kusi pia, na watu hawaishi kuniuliza: "Vipi kule? Panakalika?"

Panakalika. Lakini kuna mambo ya kujua, na dalali hatakwambia hata ukimpa chai.

Kodi yangu ni shilingi 22,000 kwa mwezi, na dipoziti ya mwezi mmoja. Stima ni ya tokeni na mita ni yangu peke yangu. Hilo lihakikishe mapema, maana nyumba nyingi za mjini ghorofa mbili zina mita moja, na kila mwezi ni ugomvi wa nani ana friji kubwa. Maji yamo ndani ya kodi. Hayo maji nitayarudia.

Nianze na kilichonileta, yaani kuta. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa nje ukiulaza mkono dirishani, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, mkono unaisha na ukuta bado upo. Mwezi wa Februari saa nane mchana, wakati watu wa nyumba za bati wamekimbilia kivulini na mikeka yao, mimi niko ndani nimelala na feni haijawashwa. Usiku hivyo hivyo. Sijui niseme nini zaidi. Kama kwako joto ndilo adui, kwa hili peke yake nyumba imeshalipa kodi yake.

Boriti ndiyo inayoamua mengine yote. Mkoko mnyoofu wa kubeba dari haupatikani mrefu sana, basi fundi wa zamani hakuuliza tajiri anataka chumba cha upana gani, alitazama mti. Vyumba vyangu vyote viwili ni virefu na vyembamba, upana haufiki mita tatu. Chukua tepu ukapime kabla hujatoa hata shilingi, na ukishapima vyumba pima ngazi. Ngazi ya nyumba hii inapanda, inapinda ghafla mbele ya ukuta, kisha inapanda tena, na vidato vyake vinataka goti la kijana. Kitanda cha tano kwa sita kinapita kikiwa kimefunguliwa. Sofa la kona halipiti. Mpangaji aliyenitangulia alileta lake, na lipo hadi leo pale chini kwenye daka, baraza ya mlangoni, linakaliwa na paka.

Na usisahau kwamba huku hakuna lori la kukufikisha mlangoni. Mzigo unashuka Mokowe, unavuka kwa boti, ukifika gatini unapokewa na hamali wa mkokoteni au punda, na kuna vichochoro ambavyo mkokoteni nao unasalimu amri. Friji langu lilimalizia safari mgongoni mwa mtu. Kila ulicho nacho kitalipiwa nauli kadhaa kabla hakijakaa mahali pake, kwa hiyo njoo na kidogo.

Sebule ndiyo sabule ya zamani, chumba cha wageni, na ukuta wake mmoja una zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Si ule ukuta mzima wa zidaka unaouona kwenye picha za watalii. Ule uko chini, chumba cha ndani, kwa Bi Mkubwa. Wangu una safu moja tu. Lakini kile cha katikati nikikaa nacho jioni, taa ikiwa upande mmoja, naona alama za kisu cha fundi kwenye plasta: jani, jani, ua, jani, halafu jani moja limeelekea upande usio wake, kana kwamba aliitwa kula. Ndani ya kidaka hicho zamani kilikaa kikombe cha kaure au msahafu. Mimi nimeweka kile kisanduku cha intaneti. Bi Mkubwa alipopanda kunitembelea alikitazama kikipepesa taa zake za kijani, akauliza kama kinaota moto. Nikamwambia kidogo. Akasema, "Basi usikifinike."

Intaneti yenyewe inafanya kazi sebuleni tu. Ukuta uleule unaozuia jua unazuia na mtandao. Chumba cha kulala simu haishiki, ila ukisimama dirishani na kutoa mkono nje. Kwa anayefanya kazi ya kompyuta nyumbani hili ni jambo zito. Kwangu mimi ninayetoka maabara jioni nimechoka na sauti za watu, ni neema.

Ubaya mkubwa wa nyumba sasa. Chumba cha kulala, upande wa kichwa cha kitanda, kuna kiraka cha simiti ukutani, kipana kiasi cha mlango. Kilipigwa kabla yangu, na fundi aliyekuwa na haraka na mwenye kulipa aliyetaka rahisi. Kiraka chenyewe kizima kabisa, ukikigonga kinalia ngumu. Kilichokufa ni chokaa iliyokizunguka. Matumbawe na chokaa ni vitu vinavyopumua: unyevu unaingia, unyevu unatoka, ukuta unaendelea na maisha yake. Simiti haipitishi. Unyevu ukikuta njia imezibwa unatafuta nyingine, na unapotoka pembeni unatoka na chumvi iliyomo ndani ya jiwe. Plasta inavimba, inapasuka, inadondoka vipande vipande. Kila asubuhi nilikuwa nakuta unga mweupe juu ya mto. Nimeuonja, ni chumvi kweli. Nimesogeza kitanda mpaka upande wa mlango, ambako sasa nalala nikitazama boriti nzuri kuliko zote chumbani, kwa hiyo hasara si yote. Lakini ukienda kuangalia nyumba ya mawe, yoyote ile, pitisha kiganja ukutani kila chumba. Penye ubaridi wa majimaji na vumbi la chumvi, uliza kama kuna simiti. Na boriti zigonge kwa mpini wa kijiko. Mkoko ni mti mgumu kwa mchwa, lakini fremu za milango na madirisha yaliyowekwa juzi juzi kwa mbao laini, hizo mchwa anazila huku ukitazama.

Dawa ya ukuta inajulikana. Simiti ibanduliwe yote, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa iliyolowekwa ikaiva, tabaka juu ya tabaka, bila pupa. Mafundi wanaoijua kazi hiyo bado wapo Amu, yaani hapa Lamu, wachache, na hawashikiki kwa wiki moja. Swali ni nani alipe. Hapo ndipo tunapoingia kwa wenye nyumba.

Nyumba hii haina mwenyewe mmoja. Ni urithi ambao haujagawanywa, warathi ni saba, wengine wako hapa Amu, wengine Mombasa, wengine Arabuni. Kabla sijapewa ufunguo niliitwa nikae nao kwenye daka baada ya sala ya alasiri, wazee wawili na dada mtu mzima mwenye daftari, na simu moja imewekwa katikati yetu ili walio mbali wasikie.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?" 

"Malindi, Shela."

Wakacheka, maana Shela wanayo yao hapa, mwendo wa miguu kwa njia ya pwani. Kisha wakauliza mwana wa nani, na mama ni mwana wa nani, na bibi je. Tulipofika kwa bibi mzaa mama, mzee mmoja akainua mkono: kumbe upande ule kuna mtu aliolewa Siyu, na Siyu anawajua wote. Baada ya hapo habari ya kodi ilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha kahawa. Nikapewa masharti: wageni wa kiume kulala hapana, muziki wa kutikisa hapana, na ukuta usiguswe. "Nyumba hini si ya mtu mmoya," akasema yule mzee. "Ukitaka kutia hata msumari, tuulize kwanza."

Nilipomsimulia haya mtoto wa mjomba wangu aliyeko New York, alinicheka, halafu akasema na yeye yalimpata hayo hayo. Anakaa Queens, mtaa wa Jackson Heights, chumba kimoja cha kulala katika jengo lililojengwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Kule kwao, katika majengo ya ushirika ya namna hiyo, hununui nyumba. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na kwa hisa zako unapewa mkataba wa kukaa vyumba vyako. Kuna bodi ya wakaazi wenyewe. Walitaka karatasi zake za kodi ya mapato, za benki, barua za watu wa kumsifia, kisha wakamwita mahojiano, na wangeweza kumkataa bila kumweleza sababu. Kila mwezi analipa ada ya jengo: joto la majira ya baridi, ushuru wa jengo, mshahara wa mtunzaji. Dari ni refu, sakafu ya vipande vya mbao vilivyopangwa, plasta nene, na mabomba ya mvuke yanayogonga usiku kama mtu aliyefungiwa nje. Dirisha halibadilishi kwa hiari yake, maana sehemu kubwa ya mtaa ule ilitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1993. Na kelele anazo: treni namba 7 inapita juu ya nguzo kando ya Roosevelt Avenue, na Mtaa wa 74 umejaa maduka ya Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi, sambusa hadi usiku. Analipenda jengo lake na analilalamikia katika sentensi moja, nami namwelewa.

Ila bodi yake inaweka akiba. Paa likivuja kuna fedha iliyotengwa. Bodi yangu ina kundi la WhatsApp. Pampu ya maji ilipokufa nilituma ujumbe, ukafuata mfululizo wa sauti. Wa Mombasa anasema fundi aitwe, wa Arabuni anasema subirini nitume pesa, mmoja anauliza pampu ile si ilinunuliwa juzi, mwingine anatuma dua ya Ijumaa. Mimi wakati huo nachota maji kwa ndoo. Mwishowe yule dada wa daftari, Mungu ampe umri, alinipigia akasema tengeneza, leta risiti, tutakata kwenye kodi. Sasa tumeiandika hivyo kwenye mkataba: matengenezo madogo nafanya mimi na nakata, makubwa ni yao. Mkataba bila kifungu hicho, kwa nyumba ya warathi, usitie sahihi. Na kingine: ujue kodi unampa nani. Awe mmoja, na awe na karatasi ya wenzake inayomruhusu kupokea. Nyumba hizi kesi zake za mirathi huishia kwa kadhi, na mpangaji aliyemlipa mrithi mmoja kumbe wenzake hawakubali anajikuta anaulizwa kodi mara ya pili.

Kiraka cha simiti hakijabanduliwa. Wanakubaliana kwamba kibanduliwe, hawajakubaliana juu ya fundi. Mmoja ameleta hoja kwamba kwa sheria ya mwaka 2020 ya mali ya sehemu kila ghorofa inaweza kupata hati yake, wagawane, kila mtu atengeneze pake. Wazee hawataki kusikia. Mimi nasikiliza tu, lakini nimeelewa kwamba nyumba ya watu saba inaweza kuuzwa siku watu saba wakikubaliana, na wanunuzi wa kigeni wa nyumba za mawe hapa hawakosekani. Anayetaka mahali pa kukaa miaka ishirini atafute kwingine.

Ruhusa si za warathi peke yao. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, ni hekta 16 hivi tu za mawe na vichochoro, na mabadiliko ya nyumba yanapitia kwa watu wa makumbusho. Mashine ya kupoza hewa isahau. Wala huihitaji.

Jiko liko juu kabisa, darini, chini ya makuti, kama lilivyokuwa siku zote katika nyumba hizi, ili moshi na joto vitoke vyenyewe, visisumbue vyumba. Kwa kupikia ni raha tupu, upepo unapita, bahari unaiona kipande kati ya dari mbili za jirani, na harufu ya samaki haishuki chumbani. Kwa kupanda na sufuria la maji, ni adhabu. Natumia gesi, na mtungi nimeuweka kwenye pembe ya ukuta mbali na makuti. Mkaa siwashi huko upepo wa kusi ukiwa mkali, hata niombwe vipi pilau.

Sasa maji. Maji ya mji huu yanatoka kwenye visima vya upande wa Shela, ambako vilima vya mchanga vinanyonya mvua na kuihifadhi chini yake. Ndiyo maana watu wanapiga kelele wakiona mtu anajenga juu ya mchanga ule. Mferejini hayaji saa zote. Yakija yanajaza tangi, na pampu inayapandisha. Tangi langu ni la lita 1,000, na hapa namsifu fundi aliyeliweka. Lita elfu ya maji ni tani nzima. Ukiiweka katikati ya dari juu ya boriti za umri ule, siku moja utaikuta kitandani. Yeye ameliweka kwenye pembe, pale kuta mbili nene zinapokutana, uzito unashuka moja kwa moja kwenye jiwe. Ukikagua nyumba, panda juu ukatazame tangi limekaa wapi kabla hujatazama kitu kingine.

Chooni kuna birika la zamani, limejengwa kwa plasta laini, kina chake mpaka magotini. Ndani mna samaki wadogo watatu wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mwanzo nilitaka kuwatoa. Bi Mkubwa akaniambia wale ni wapangaji wa kabla yangu. Naoga kwa kata, natumia ndoo moja na nusu, na birika likijaa lina maji ya kunitosha mfereji ukikauka. Choo chenyewe ni cha kisasa cha kukaa, kimeingizwa kwenye nafasi ambayo haikukitarajia, goti linagusa ukuta. Maji machafu ya kuogea yanashuka kwenye mtaro wa kichochoroni ulio wazi, na mvua kubwa ya mwezi wa Mei ikinyesha, mtaro unarudisha ulichoupa na cha jirani juu yake. Hili si la nyumba yangu tu, ni la mji mzima, ila wa ghorofa ya juu anainusa na wa chini anaifagia.

Mtaa ni wa watu. Adhana ya alfajiri inatoka misikiti mingi kwa pamoja, kila mmoja na sekunde zake, hata aliyekufa usingizi anaamka. Halafu punda: mmoja akianza kulia karibu na soko, anajibiwa mpaka mtaa wa Langoni. Saa moja wanapita na mchanga na mawe ya Manda, wenye punda wanapiga kelele "Nyuma! Nyuma!", na wewe unajibana ukutani. Chini ya dirisha langu kuna watoto wa chuo cha Kurani wanaosoma kwa sauti hadi adhuhuri. Jioni muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Mkunguni, mbele ya ngome, wazee wako chini ya miti, na pembeni mishkaki inaanza kutoa moshi. Nikitoka kazini nanunua viazi vya karai na maji ya ukwaju, nyumbani nafika nimeshiba. Soko la samaki liko karibu kiasi kwamba tafi nikimnunua asubuhi, hana muda wa kuchina.

Harusi ni habari nyingine. Kichochoro chetu ni njia ya bi harusi, na wanawake wakianza vigelegele na ngoma, kuta za matumbawe hazisaidii kitu, maana madirisha yako wazi. Usiku huo hakuna kulala. Shuka chini ucheze. Ila pikipiki hazifiki kwetu, kichochoro hakiziruhusu, na hilo kwa mtu aliyetoka Malindi ya tuktuk ni thamani ambayo haimo kwenye kodi lakini naihesabu.

Kifungu cha ajabu kuliko vyote kwenye mkataba wangu ni cha Maulidi. Mfungo Sita ukifika mwishoni, wageni wanamiminika Amu kwa Maulidi ya Riyadha, na warathi na watoto wao na wakwe zao wanarudi nyumbani kwao, ambako ni kwangu. Imeandikwa kwamba siku hizo darini ni pao na sebule tunashirikiana. Nilikubali nikidhani ni wageni wawili watatu. Dari lilijaa mikeka ukuta hadi ukuta, choo kilikuwa na foleni, na samaki wa birika walihamishwa kwenye beseni wapumzike. Lakini sikuwasha jiko siku zote hizo, sahani zilikuja zenyewe, na yule wa Arabuni wa sauti ndefu za WhatsApp alikuja na tepu, akapima kiraka cha simiti mbele yangu, akakiandika. Kwa asiyependa watu, kifungu hiki ni sababu ya kutosha kukataa nyumba. Na kodi ya mwezi huo haipunguzwi, niliuliza.

Kwa alama naipa nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya chumvi kwenye mto, na wakibandua kile kiraka naweza kuirudisha. Inamfaa mtu mmoja, au mke na mume ambao hawajapata watoto, wenye miguu mizima na samani chache. Mzee wa magoti asipande ngazi ile. Mwenye watoto wadogo pia, kwa sababu ukingo wa darini unanifika kiunoni tu, na warathi bado wanajadili kuuongeza.

Nyumba ya pili kutoka yetu, ile iliyounganishwa na ya ng'ambo kwa wikio, daraja la juu ya kichochoro, nasikia chumba cha juu kitakuwa wazi baada ya Maulidi. Nacho ni cha urithi, warathi wanne tu, na ukuta wake nimeupapasa: mkavu, chokaa tupu. Anayekitaka aende barazani pao baada ya alasiri, awe anajua bibi yake mzaa mama ni mwana wa nani, na dalali amwache gatini.